Mweso: barua ya siri ikichelewa, siri hupita njia nyingine

MWESO, MASISI – Orodha ya wagonjwa wa kipindupindu haina mambo mengi: jina, umri, kijiji, siku ugonjwa ulipoanza, na kama mgonjwa amepona au amefariki. Watu 30 wanaenea kwenye ukurasa mmoja. Lakini orodha hiyo ikifungwa kwa ufunguo wa siri na kutumwa kwa barua pepe kutoka mahali kama Mweso, inaweza kuzunguka kwenye kioo cha simu muda mrefu kuliko ule uliotumika kuiandika, halafu rezo ikakatika na kazi ikaanza upya.

Kinachofuata hakihitaji mtaalamu wa kukieleza. Muuguzi anayesubiriwa na wagonjwa anaachana na barua pepe, anapiga karatasi picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp ambalo hata hajui wanachama wake wote ni nani. Au anaikunja na kumpa motari anayeelekea Kitshanga. Siri imetoka nje, na hakuna mwizi aliyevunja kufuli. Kufuli lenyewe ndilo lilichelewesha kazi, likawekwa kando.

Ndiyo maana jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, yaani kasi ya kusawazisha barua pepe zilizosimbwa, linawahusu pia watu wa Masisi na Walikale. Kusawazisha ni kufanya barua zilizo kwenye simu zilingane na zile zilizo kwenye seva: mpya ziingie, zilizosomwa zijulikane kuwa zimesomwa, zilizofutwa ziondoke, na zile zilizoandikwa bila rezo zitoke mara rezo inaporudi. Kwa barua pepe za kawaida kazi hiyo imeshazoeleka. Kwa barua zilizosimbwa ni ngumu zaidi, na ugumu huo huonekana kwanza pale ambapo intaneti ni dhaifu.

Karatasi fupi, njia ndefu

Mweso iko katika usheferi wa Bashali, karibu kilometa 100 kaskazini-magharibi mwa Goma, kwenye barabara inayopanda kutoka Sake, kupita Kitshanga, na kuendelea kuelekea Kalembe na Pinga upande wa Walikale. Ni makao ya zoni ya afya, na hospitali kuu yake imesaidiwa kwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Mwezi wa kwanza mwaka 2024, katika vita kati ya M23 na jeshi pamoja na makundi yanayolisaidia, makombora yalianguka katikati ya nyumba za watu na kuua raia wapatao 20. Maelfu ya wakaaji walikimbilia hospitalini kutafuta usalama.

Hospitali iliyo katika hali hiyo huandika habari ambazo hazipaswi kusomwa na kila mtu. Kuna mwanamke aliyebakwa na ambaye bado anaishi kijiji kimoja na aliyembaka. Kuna mtoto aliyetoroka kundi la silaha. Kuna kijana mwenye jeraha la risasi. Jina lake na kijiji chake vikijulikana, kuna atakayeuliza alikuwa akipigana upande gani, na swali hilo peke yake linaweza kumuua.

Ripoti za vituo vya afya huenda kwanza kwenye ofisi kuu ya zoni, kisha kwenye divisheni ya afya ya jimbo huko Goma. Magonjwa ya mlipuko huripotiwa kila juma. Takwimu za kila mwezi huingizwa katika mfumo wa taifa unaotumia programu ya DHIS2, na programu hiyo ya simu inaweza kujaziwa bila intaneti na kutuma baadaye. Hizo ni hesabu zisizo na majina, kwa hiyo hatari yake ni ndogo. Hatari iko kwenye orodha za majina na barua zinazoambatana nazo: mgonjwa gani ahamishwe, mtoto gani atafutiwe familia, nani alishuhudia nini.

Kwamba habari za namna hiyo huwindwa, dunia ilishaona. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita, uhamiaji au majanga, pamoja na waliopotea na waliofungwa. Mifumo ya kuunganisha familia ilibidi izimwe, na wafanyakazi wakarudi kwa muda kwenye majedwali ya kawaida. Kivu Kaskazini, ambako watoto hupotezana na wazazi wao kila watu wanapokimbia, haihitaji kuelezwa maana ya orodha ya aina hiyo.

Sheria nayo ipo. Kodi ya kidijitali ya Congo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari binafsi za raia. Lakini sheria haiwezi kuisukuma barua ivuke mlima.

Seva isiyojua kusoma

Katika barua pepe za kawaida, seva ni kama karani wa posta anayefungua kila bahasha. Ukimwomba barua zote zinazotaja Kashuga, anakutafutia. Ukitaka kuona mistari miwili ya kwanza tu, anakukatia. Picha ikiwa kubwa mno, anaweza kukuonyesha ndogo. Simu yako haichoki kwa sababu karani ndiye anayefanya kazi.

Barua ikisimbwa kuanzia kwa mwandishi hadi kwa mpokeaji, karani huyo hawezi tena kusoma. Anashika sanduku lililofungwa na hajui kilichomo. Hilo ndilo lengo, na ndiyo faida yake: hata seva ikiibwa, mwizi anapata masanduku yaliyofungwa. Lakini kazi yote ya karani inahamia kwenye simu ya mtumiaji. Simu ndiyo lazima ishushe barua nzima, iifungue, iipange na kuikumbuka, kwa betri iliyochajiwa kwa jua na kwa mega zilizonunuliwa.

Usimbaji wa barua kwa watu wa kawaida si mpya. Phil Zimmermann, Mmarekani, alitoa programu yake ya PGP mwaka 1991. Baada ya Edward Snowden kufichua mwaka 2013 jinsi Marekani inavyofuatilia mawasiliano, wanasayansi waliokutana kwenye maabara ya CERN huko Geneva walianzisha Proton Mail. Hata huduma hiyo kubwa ilipoleta mwaka 2022 uwezo wa kutafuta maneno ndani ya barua, njia ilikuwa moja tu: kompyuta ya mtumiaji ishushe barua zake, izifungue yenyewe na kujitengenezea faharasa. Mwenye intaneti ya Geneva huacha kazi hiyo iendelee huku akinywa kahawa. Mwenye intaneti ya Mweso ana haki ya kuuliza itaisha siku gani.

Hesabu ya maswali

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kudhani kwamba tatizo ni uzito wa barua peke yake. Mara nyingi tatizo ni idadi ya maswali.

Ofisi na hospitali nyingi za mbali hutegemea sahani inayoongea na satelaiti iliyo karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hizo nne zinakula karibu nusu sekunde. Ukiongeza kazi ya mashine njiani, inafika sekunde 0.6 hivi. Hakuna fundi anayeweza kuupunguza umbali huo.

Sasa chukua sanduku lenye barua 2,000. Programu iliyoandikwa na mtu aliyezoea intaneti ya kasi huuliza habari za barua moja, inasubiri jibu, inauliza ya pili. Maswali 2,000 mara sekunde 0.6 ni dakika 20 za kusubiri tu, kabla hata hujahesabu uzito wa barua. Programu ileile ikiuliza barua 100 kwa mkupuo mmoja, maswali yanakuwa 20 na kusubiri kunashuka hadi sekunde 12. Sahani ni ileile na malipo ni yaleyale.

Mafundi wamelijua jambo hili muda mrefu. Itifaki ya IMAP, ambayo programu nyingi za barua pepe huitumia kuongea na seva, ilianza miaka ya 1980, na mwaka 2008 ilipata nyongeza inayoitwa QRESYNC. Wazo lake ni rahisi: kila badiliko kwenye sanduku hupewa namba. Simu ikirudi kwenye rezo haiulizi tena habari za kila barua; inasema tu, mara ya mwisho niliishia namba fulani, nipe yaliyobadilika tangu hapo. Mwaka 2019 ikaja itifaki mpya, JMAP, inayoruhusu maswali mengi kusafiri katika bahasha moja. Hata kusalimiana kwa simu na seva kabla ya kuanza kazi kumefupishwa: toleo la TLS la mwaka 2018 lilipunguza salamu hizo kutoka mizunguko miwili hadi mmoja. Kwa wa Nairobi au Kigali hayo ni mambo ya kupima kwa saa ya fundi. Kwa rezo inayokatika kila dakika chache, mzunguko mmoja uliopungua unaweza kuamua kama barua inatoka leo au kesho.

Mradi wa LEAP ulitoa somo lingine. Mradi huo ulitengeneza mfumo wa barua pepe zilizosimbwa na chombo chake cha kusawazisha kikaitwa Soledad, neno ambalo kwa Kihispania ni upweke (jina linalomfaa mtu anayesubiri rezo juu ya mlima). Mwanzoni Soledad ilichukulia kila kitu, hata picha na faili nzito, kama maandishi ya kawaida. Kumbukumbu ya kompyuta ilijaa na kazi ya kusimba ikawa nzito. Kuanzia toleo 0.10, mafundi walitenganisha mizigo na maelezo: maelezo mafupi yasafiri peke yake, mizigo mizito ifuate njia yake. Mtumiaji anaweza kujua kwamba barua imefika na imetoka kwa nani kabla hajalipia mega za kiambatisho.

Kuna pia suala la kubana. Maandishi ya jedwali, yenye majina ya vijiji yanayojirudia, yanaweza kubanwa hadi robo ya uzito wake. Lakini ni lazima yabanwe kabla ya kusimbwa. Yakishasimbwa yanafanana na vumbi lisilo na mpangilio wowote, na kuyabana ni kama kukamua jiwe. Mfumo uliopanga hatua hizo mbili kinyume hulipa uzito wote bila faida.

Picha ni mbaya zaidi. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu ya leo inaweza kuwa na mega 4. Kwa sababu barua pepe ilizaliwa kubeba herufi, kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka theluthi moja, kwa hiyo mega 4 zinakuwa zaidi ya 5. Kwa rezo ya 2G inayopitisha kilobiti 100 kwa sekunde, hizo ni dakika 7 hivi bila kukatika hata mara moja. Orodha ileile ya wagonjwa 30, ikiandikwa kama maandishi matupu, haifiki kilobaiti 5 na inapita kwa chini ya sekunde moja. Na kama faili kubwa haiepukiki, programu nzuri huikata vipande: rezo ikianguka kwenye kipande cha 40, inaporudi inaanzia 40. Programu mbaya huanzia moja.

Mgonjwa aliyehesabiwa mara mbili

Kasi si kitu pekee kinachoharibika rezo ikiwa mbovu. Simu inatuma barua, seva inaipokea, lakini jibu la "nimepata" linapotea njiani. Simu haijui. Inatuma tena. Tatizo hili liliandikwa na mafundi wa intaneti tangu mwaka 1988, na bado lipo.

Kwa barua ya salamu, nakala mbili si kitu. Kwa orodha ya kipindupindu, wagonjwa 8 wanaweza kugeuka 16, na mtu wa Goma anayesoma akaanza kutafuta dawa za mlipuko usiokuwepo, au, akishazoea makosa hayo, akapuuza mlipuko wa kweli. Kwa barua za kawaida seva inaweza kulinganisha yaliyomo na kuitupa nakala. Seva isiyoweza kusoma haiwezi, na barua ileile ikisimbwa mara mbili hutoa masanduku mawili yasiyofanana. Dawa ni simu kuipa barua namba yake ya pekee mara tu inapoandikwa, na kuishikilia namba hiyo hata ikituma mara kumi.

Kwa nini wasitumie WhatsApp tu?

Swali hilo ni la haki. WhatsApp nayo husimba ujumbe kuanzia mwisho hadi mwisho tangu mwaka 2016, na kwenye rezo dhaifu hufanya vizuri kuliko programu nyingi za barua pepe. Sababu moja ya wepesi wake ni kwamba seva zake hazitunzi sanduku la miaka mingi: ujumbe ukifika, seva huufuta. Hakuna barua 2,000 za zamani za kulinganisha.

Lakini kazi ya ofisi haiishi kwenye simu ya mtu mmoja. Daktari akihamishwa, anayechukua nafasi yake anahitaji barua za mwaka uliopita. Akaunti ya WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu, na namba ni ya mtu. Halafu kuna makundi, ambamo aliyeondoka kazini bado anasoma. Na kuna picha: simu nyingi huzihifadhi zenyewe kwenye albamu, pamoja na picha za harusi na za watoto, mahali pa kwanza anapoangalia mtu mwenye silaha anaponyoosha mkono kwenye barieri na kusema, leta simu.

Barieri hiyo inageuza pia hesabu ya kasi. Njia nyepesi ya kuifanya barua pepe iliyosimbwa iwe ya haraka ni kuweka kila kitu kwenye simu, tayari kimefunguliwa, ili kisishushwe tena. Mtumiaji anafurahia kasi, mpaka siku simu inapokamatwa. Watengenezaji wanaojisifu kwa kasi bila kusema barua zinalala vipi ndani ya simu hawajamaliza kazi yao. Barua zilizohifadhiwa lazima zifungwe pia humo ndani, na mtumiaji awe na uwezo wa kusema: shusha za siku 14 tu, nyingine zibaki kwenye seva.

Biashara nyingine ya kasi na siri iko kwenye kichwa cha barua. Proton huacha kichwa cha barua bila kusimbwa kwa ufunguo wa mtumiaji, na hilo hurahisisha kupanga na kutafuta. Tuta, huduma ya Ujerumani, husimba hata kichwa. Anayetumia ya kwanza asiandike kwenye kichwa "Mbakaji wa Kalembe ametambuliwa". Aandike "Ripoti ya juma la 12" na kuacha mengine ndani.

Programu zinazojua mazingira kama haya zipo. Delta Chat, kwa mfano, hutumia seva za kawaida za barua pepe, husimba ujumbe, na humruhusu mtumiaji kuweka kikomo: kinachozidi uzito fulani kisishuke chenyewe. Kwenye programu nyingine mtu anaweza kuzima ushushaji wa viambatisho na kuongeza muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Kwa fundi wa ofisi mwenye seva yake mwenyewe, swali la kwanza ni kama QRESYNC imewashwa, kwa sababu seva nyingi za kisasa zinayo lakini programu iliyo upande wa pili haiitumii.

Wengine wanaweka tumaini kwenye satelaiti za chini. Starlink ilipigwa marufuku nchini mwezi wa tatu 2024, kisha ikapewa leseni na Kinshasa mwezi wa tano 2025, wakati Goma ilikuwa tayari mikononi mwa AFC/M23. Satelaiti hizo ziko kilometa 550 hivi juu, na kusubiri kwake ni kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Pale sahani hizo zinapofika na kuruhusiwa, dakika 20 za maswali 2,000 zitapungua bila programu kubadilika.

Lakini rezo huzimwa pia kwa amri. Kuanzia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilikatwa nchini kwa karibu majuma matatu. Katika siku kama hizo barua hukaa kwenye foleni ndani ya simu. Amri ikiondolewa, simu zote hurudi kwenye mnara mmoja kwa wakati uleule, kila moja na foleni yake, na hapo ndipo programu inayouliza maswali 2,000 na ile inayouliza 20 hutofautiana waziwazi.